Maswali na Majibu: Mwembe Umeupata Wapi Uzito Wake?

Mwezi huu tumepokea barua tano kutoka sehemu mbalimbali, na kila mwandishi ameuliza jambo lake bila kujua kwamba wenzake wanne wanalizunguka jambo hilohilo. Zote zinahusu kaboni, yaani malighafi ya mkaa, ya masizi ya sufuria, ya unga wa mahindi na ya miili yetu wenyewe. Nimezipanga ili jibu la barua moja liiandalie njia barua inayofuata, kwa hiyo namwomba msomaji azisome kwa mpangilio huu.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Muheza. Mwanafunzi wangu wa darasa la sita ameniuliza: mwembe ulio uani kwetu umekuwa mkubwa kiasi hiki, mbona udongo chini yake haujatitia ukawa shimo? Nilimjibu kwamba mti hula mbolea ya udongo na kunywa maji, lakini mwenyewe sikuridhika na jibu langu.

JIBU: Mwalimu, pokea salamu zetu, na umfikishie mwanafunzi wako pongezi, kwa kuwa swali lake liliwasumbua wataalamu wa Ulaya kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini. Mmoja wa watu wa kwanza kulijibu kwa mizani alikuwa Jan Baptist van Helmont, tabibu mzaliwa wa Brussels. Alijaza chombo udongo mkavu wenye uzito wa ratili 200 (ratili moja ni karibu nusu kilo, nayo ina wakia 16), akapanda ndani yake mche wa ratili 5, akaumwagilia maji kwa miaka 5. Mti ulipong'olewa ulikuwa na ratili 169 na ushei, ilhali udongo, ulipokaushwa na kupimwa upya, ulikuwa umepungua wakia 2 hivi. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1648, yeye akiwa ameshafariki dunia. Alihitimisha kwamba mti wote ulitokana na maji.

Alikosea, na namna alivyokosea inastahili kusimuliwa darasani. Mtu huyohuyo alichoma ratili 62 za mkaa, akabakiwa na ratili 1 ya majivu, akaeleza kwamba zile 61 nyingine ziliondoka zikiwa kitu kisichoonekana wala kushikika, akakitungia jina ambalo leo sisi tunalitamka gesi. Kwa hiyo alikuwa na vipande vyote viwili vya jibu mkononi mwake, kwa kuwa kilichotoka katika mkaa ni kilekile kilichoingia katika mti, lakini hakuviunganisha. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1804, wakati mwanasayansi Nicolas-Théodore de Saussure wa Geneva alipoonyesha kwa vipimo kwamba mmea hujijenga kwa hewa ukaa (gesi ya kaboni iliyofungamana na oksijeni) pamoja na maji.

Mambo huenda hivi. Katika kila chembe 10,000 za hewa, zile za hewa ukaa ni 4 na kitu tu. Jani huzivuta kupitia vitundu vidogo sana vilivyo hasa upande wake wa chini, kisha kwa nguvu ya jua huiunganisha kaboni yake na hidrojeni ya maji na kutengeneza sukari, nayo oksijeni ya yale maji huachiwa huru. Hiyo ndiyo kazi ambayo vitabu vyetu huiita usanisinuru. Kutokana na sukari hiyo mti hutengeneza kila kitu: ubao, gome, utomvu na embe lenyewe. Karibu nusu ya uzito wa ubao mkavu ni kaboni, na sehemu kubwa ya nusu iliyobaki ni oksijeni ambayo nayo iliingia pamoja na hewa ukaa. Udongo hutoa madini machache tu, ambayo hayakosi umuhimu, lakini uzito wake ni mdogo. Ukitaka wanafunzi wakione kwa macho, pimeni kuni kavu, zichomeni hadi ziishe, kisha mpime majivu. Yale majivu ndiyo sehemu ya mti iliyotoka ardhini, na yaliyosalia yamerudi yalikotoka.

Jambo moja zaidi, maana najua mwanafunzi huyo atauliza tena. Mti nao hupumua, usiku na mchana, na kwa kupumua huko hurudisha hewani karibu nusu ya kaboni yote uliyoivuta. Sehemu nyingine huanguka ikiwa majani, ikaliwa na mchwa, kuvu na bakteria, ambao nao hupumua. Kwa hiyo mwembe wenu ni mahali ambapo kaboni inapita, na ukubwa wake ni kile kilichochelewa kuondoka.

SWALI: Naendesha bodaboda mjini Morogoro. Nilisikia kwenye redio kwamba pikipiki zinachafua anga kwa kutoa hewa ukaa. Lakini sekondari tulifundishwa kwamba binadamu akipumua naye hutoa hewa ukaa, na sasa watu tumezidi bilioni 8. Kwa nini lawama iende kwa pikipiki isiende kwa mapafu?

JIBU: Ndugu yangu, hoja yako ni nzito na hesabu yake ni ya kweli, kwani kila mtu mzima hutoa takribani kilo 1 ya hewa ukaa kwa siku. Tofauti haiko katika hewa yenyewe, maana ukiziweka chembe mbili pamoja, moja ya pumzi yako na nyingine ya bomba la pikipiki, hutaona tofauti katika kazi zinayoifanya angani. Tofauti iko katika muda ambao kaboni ile ilikuwa imekaa nje ya hewa.

Kaboni ya pumzi yako ya leo ilikuwa katika ugali wa jana, na kabla ya hapo katika hindi, na hindi liliivuta kutoka hewani msimu uliopita. Kama usingeula ugali huo, ungeliwa na panya au ungeoza, na kaboni ingerudi hewani vilevile. Ulichofanya ni kurudisha mkopo wa miezi michache. Petroli ni habari nyingine. Ikitumia lita 1, ambayo uzito wake ni kama robo tatu ya kilo, injini yako hutoa kilo 2.3 hivi za hewa ukaa, kwa sababu kila chembe ya kaboni hunasa chembe mbili za oksijeni hewani na kutoka ikiwa nzito zaidi. Kaboni hiyo ilivutwa na viumbe wadogo wa majini mamilioni ya miaka iliyopita, wakafa, wakazama, wakafunikwa na matope, kisha joto na mgandamizo wa ardhi vikawageuza kuwa mafuta. Haikuwa katika mzunguko wa pumzi na mashamba hata kidogo mpaka tulipoichimba. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kuzalisha umeme mwaka 2004, ina asili ya aina hiyohiyo.

Naomba univumilie kwa hesabu kidogo, kwa sababu ndizo zinazolijibu swali lako kikamilifu. Mimea ya nchi kavu huvuta kaboni takribani tani bilioni 120 kila mwaka, na kiasi kinachokaribiana na hicho hurudishwa kwa kupumua, kuoza na kuungua. Bahari nayo hubadilishana na hewa makumi ya mabilioni kwa namna hiyo. Kandokando ya miamala hiyo mikubwa, tani bilioni 10 hivi tunazotoa kwa mwaka kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi zinaonekana kidogo. Lakini miamala ile ni ya kwenda na kurudi, na hizi bilioni 10 ni za kuja tu. Kabla ya enzi ya viwanda hewa ilikuwa na kaboni karibu tani bilioni 600, na sasa inakaribia 900. Mwanasayansi Mmarekani Charles David Keeling alianza kuipima mwaka 1958 juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, akapata chembe 315 hivi za hewa ukaa katika kila chembe milioni moja za hewa. Leo mahali palepale zimezidi 420. Na ongezeko lingekuwa karibu maradufu kama mimea, udongo na bahari visingekuwa vinatuondolea karibu nusu ya tunachotoa.

Mtu anaweza kuuliza: tunajuaje kwamba ongezeko hilo ni la visukuku, yaani makaa ya mawe, mafuta na gesi, na si la kitu kingine? Kaboni yenyewe hubeba umri wake. Hewani kuna aina ya kaboni yenye mnururisho, iitwayo kaboni-14, ambayo hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730. Kila kilicho hai kinayo. Mafuta na makaa ya mawe hayana hata chembe, kwa sababu yamezikwa muda mrefu mno. Kabla hata ya majaribio ya mabomu ya nyuklia kuvuruga hesabu, wanasayansi walikuwa wameshaona kwamba kaboni-14 ya hewa inazimuliwa, mithili ya chai iliyoongezwa maji, na kilichoizimua ni kaboni ya kale isiyo na alama hiyo.

Mkaa wa kupikia uko katikati, na watu wengi huuelewa vibaya kwa pande zote mbili. Kaboni yake ni ya mti wa miaka kadhaa iliyopita, kwa hiyo ikiwa msitu wa miombo uliokatwa unaachwa uchipue na kukua, mkopo utalipwa. Ukigeuzwa shamba la kudumu, haulipwi. Na kwa kuwa nimeutaja mkaa, nasisitiza kwa msomaji yeyote: jiko la mkaa lisiachwe likiwaka chumbani mnamolala, kwa kuwa mkaa usiopata hewa ya kutosha hutoa monoksaidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu ambayo huua watu usingizini.

SWALI: Mimi ni fundi mwashi, Unguja, na najifunza kukarabati nyumba za Mji Mkongwe kwa chokaa. Mzee anayenifundisha husema ukuta wa chokaa unapumua, na kwamba ukiupaka saruji unauziba pumzi. Je, huo ni msemo tu, au ukuta unapumua kweli?

JIBU: Fundi, mwambie mzee wako kwamba amesema kweli mara mbili. Maana ya kwanza ni ile anayoikusudia mwenyewe: chokaa ina matundu madogo yanayoruhusu unyevu kuingia na kutoka, na saruji huuzuia unyevu huo ndani mpaka ukuta uoze. Maana ya pili ni kwamba ukuta mpya wa chokaa huvuta hewa ukaa kwa kweli, na bila kuivuta usingekuwa mgumu.

Anzia tanurini. Jiwe la matumbawe ni kaboneti ya kalsiamu, yaani kalsiamu iliyofungamana na kaboni na oksijeni. Ukilichoma kwa moto mkali, hewa ukaa hufunguka na kuondoka: katika kila kilo 100 za jiwe safi, kilo 44 hupaa na kilo 56 hubaki. Ndiyo maana jiwe lililoiva huwa jepesi mkononi. Mnalimwagia maji, likachemka na kupasuka, likawa ule unga laini mnaouloweka. Mkishaupaka ukutani, maji hukauka kwa siku chache, lakini ugumu huja taratibu kwa miezi na miaka, kadiri chokaa inavyoirudisha ndani hewa ukaa iliyoipoteza tanurini. Ukuta uliokomaa ni jiwe lilelile la mwanzo. Kuta za Fort Jesus ya Mombasa, iliyojengwa kati ya 1593 na 1596, zimekuwa zikiishika kaboni hiyo kwa zaidi ya karne nne.

Saruji hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya namna hiyohiyo, ikiwa ni pamoja na yale ya matumbawe ya kale yanayochimbwa Wazo Hill, Dar es Salaam. Nayo hurudisha sehemu ya hewa ukaa inapozeeka, lakini polepole na kwa sehemu tu, na moto wa matanuri yake huwashwa kwa nishati za visukuku. Utengenezaji wa saruji duniani hutoa kama asilimia 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu. Tanuri la kuni la kienyeji nalo lina hesabu yake ya miti, sitaki kulisafisha kupita kiasi.

Sasa, jiwe lenyewe lilipata wapi kaboni? Hapa naomba tusahihishe jambo linalosemwa mara nyingi, kwamba matumbawe huvuta hewa ukaa na kuigeuza jiwe. Maji ya bahari yana kaboni nyingi kuliko hewa na misitu yote kwa pamoja, karibu tani bilioni 38,000, ambayo sehemu kubwa imeyeyuka katika umbo la bikaboneti. Chanzo kimoja kikuu cha bikaboneti hiyo ni mvua. Tone la mvua huyeyusha hewa ukaa kidogo likawa na asidi hafifu, likala miamba ya bara kwa maelfu ya miaka, na mito ikapeleka mabaki baharini. Tumbawe huchukua chembe mbili za bikaboneti, moja ikawa jiwe na ya pili ikaachiwa kama hewa ukaa majini. Kwa hiyo mwamba wa matumbawe unaokua si kisafisha hewa cha mwaka huu wala mwaka ujao. Ni hatua ya mwisho ya safari iliyoanzia mlimani, na kwa kipimo cha mamilioni ya miaka safari nzima, kuanzia mvua hadi jiwe, ndiyo inayoiondoa kaboni hewani.

Tatizo la sasa ni mwendo. Bahari inapokea karibu robo ya hewa ukaa tunayotoa, kasi isiyolingana na ile ya mito na miamba, na matokeo yake kipimo cha asidi cha maji ya juu (pH, ambacho hushuka asidi inapozidi) kimeshuka kutoka 8.2 hadi 8.1. Nambari ni ndogo, ila kipimo hicho huhesabiwa kwa namna ambayo tofauti hiyo ina maana ya ongezeko la asidi la robo au zaidi. Katika maji ya namna hiyo tumbawe hupata taabu zaidi kujenga jiwe ambalo ninyi mafundi mmelitegemea tangu enzi za Kilwa.

SWALI: Mimi ni mama lishe, Arusha. Ndimu ikidondokea kwenye magadi hutoa povu. Mwanangu anasema povu lile ni hewa ukaa. Magadi si mti wala mkaa, hewa ukaa imeingiaje humo?

JIBU: Mama, mwanao yuko sahihi. Magadi ni kaboneti na bikaboneti ya sodiamu, na asidi ya ndimu huifungua hewa ukaa iliyomo. Huko kwenu mna bahati ya kuishi karibu na mahali ambapo kaboni ya miamba huonekana ikirudi juu. Ol Doinyo Lengai, kusini mwa Ziwa Natron, ndiyo volkano pekee hai duniani inayotoa uji wa moto wa kaboneti, ambao joto lake hufika nyuzi 500 hadi 600 tu, nusu ya ule wa volkano za kawaida. Hutoka mweusi, kisha ukikutana na unyevu wa hewa hugeuka mweupe kwa siku chache. Chumvi za asili ya volkano za eneo hilo husombwa na maji hadi ziwani, maji yakakauka, magadi yakabaki. Nimeulizwa mara nyingi kama volkano ndizo zinazoongeza hewa ukaa angani. Zote duniani zikijumlishwa hutoa kama sehemu moja tu ya mia ya tunachotoa sisi kwa mwaka.

SWALI: Sisi wakazi wa delta ya Rufiji tumeelezwa kwamba mikoko huhifadhi kaboni kuliko misitu ya bara. Mbona mikoko ni myembamba, haifikii mvule wala mninga? Ghala hilo liko wapi? Na tukikata boriti tunalibomoa?

JIBU: Ndugu zetu wa Rufiji, ghala liko chini ya miguu yenu. Katika msitu wa bara jani likianguka huliwa na mchwa na kuvu, na baada ya mwaka mmoja au miwili sehemu kubwa ya kaboni yake imesharudi hewani. Katika mikoko jani huanguka kwenye matope, kaa hulivuta shimoni, maji hujaa na kulifunika kwa tope jipya lililoletwa na mto. Ndani ya tope lile hakuna oksijeni, jambo ambalo harufu yake hulithibitisha kwa yeyote aliyewahi kuzama humo hadi magotini, na pasipo oksijeni kuoza huenda kwa mwendo wa kinyonga. Mizizi iliyokufa hubaki humo kwa karne nyingi. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2011 kutoka mikoko ya Indonesia, Bangladesh na visiwa vya Pasifiki vilionyesha wastani wa tani 1,000 hivi za kaboni kwa hekta, mara kadhaa ya misitu mingi ya nchi kavu, na sehemu kubwa yake ilikuwa ardhini. Kisa kinachofanana na hicho kiko katikati ya bonde la mto Kongo, ambako mwaka 2017 watafiti walieleza kwamba tabaka la mimea isiyooza lililo chini ya misitu ya kinamasi lina kaboni tani bilioni 30, sawa na miaka mitatu hivi ya moshi wa visukuku wa dunia nzima.

Kuhusu boriti, jibu langu linaweza kuwashangaza. Kaboni iliyomo katika boriti haitoki kwa sababu imekatwa. Hutoka ikioza au ikichomwa. Kwa vizazi vingi majahazi yalibeba boriti za Rufiji na Lamu hadi Oman na nchi nyingine za Ghuba, na upana wa vyumba vya nyumba za kale za huko, kama wa vyumba vya Unguja, ulifuata urefu wa boriti. Pale ambapo dari hizo bado zimesimama, kaboni iliyovutwa na majani ya Rufiji bado imekaa juu ya vichwa vya watu. Kukata miti michache kwa kibali na kuiacha mingine isimame (maana mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya serikali, na kibali ni lazima) si sawa na kuufyeka msitu kwa ajili ya mashamba ya mpunga. Msitu ukifyekwa na maji yakazuiwa, oksijeni huingia ndani ya matope, na bakteria waliokuwa wamelala njaa kwa karne nyingi huanza kula akiba yote.

Ndiyo sababu wenzenu wa Gazi, kaunti ya Kwale nchini Kenya, ambao tangu mwaka 2013 wameuza hewa ukaa (yaani hulipwa kwa kaboni ambayo msitu wao unaizuia isiende hewani) kupitia mradi wa Mikoko Pamoja wa hekta 117, hawalipwi kwa ajili ya kupanda miti tu. Wanalipwa pia kwa kuulinda msitu uliopo, na fedha hizo zimegharimia maji na mahitaji ya shule kijijini. Mche wa mkoko mkiupanda leo utakuwa boriti ndani ya maisha ya mtoto wa leo. Matope hujengeka milimita chache kwa mwaka, hivyo mita moja iliyopotea huhitaji karne kadhaa kurudi, na mimi kama ningekuwa mmoja wenu ningelikagua kwanza kila tuta linalozuia maji ya bahari kuyafikia matope, kabla ya kuhesabu visiki.